Nimesoma kwa masafa miaka 5 nikiwa ghala la korosho. Ujuzi nimeupata, ila si pale nilipoutarajia

Karani wa Mizani (mtoa mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila nikiingia humu nakuta mabishano yale yale: elimu ya masafa, yaani kusoma ukiwa mbali na chuo, ni elimu au ni karatasi? Wanaobishana wengi ama hawajawahi kusoma hivyo, ama wanauza kozi. Mimi nimesoma, siuzi kitu, na chuo sikitaji nisije nikaambiwa natafutia watu wateja.

Mimi ni mtu wa Kusini, wilaya za korosho. Kidato cha nne nilimaliza na daraja la nne, lile la kumwambia mzazi ukiwa umesimama karibu na mlango. Nikapata kazi chama cha msingi, AMCOS, kuandika mizani. Mkulima analeta magunia, yanapimwa, naandika kilo, namkatia stakabadhi. Msimu unafunguliwa Oktoba, mwaka mpya ukiingia kazi inapungua, halafu inabaki miezi mingi ya kukaa ghalani na panya. Katika ile miezi ya panya ndipo nilipojiandikisha cheti cha uhasibu, kisha stashahada. Vyote viwili vilitakiwa kuisha kwa miaka 3. Vimenichukua 5.

Nianze na makosa yangu. Mwaka wa kwanza nilisoma kitini kama gazeti. Nakifungua, nasoma ukurasa wa 1 hadi wa 40, naelewa kila kitu, nafunga, nalala. Zoezi la kwanza nililotuma likarudi na alama 31. Debiti na krediti nilikuwa nazielewa kabisa, kama mtu anavyoelewa kuogelea akiwa amekaa juu ya jiwe. Halafu mtihani wa kwanza ukagongana na mnada. Nikaenda mnadani. Mtihani nikausubiri mwaka mzima.

Kilichonigeuza ni zoezi moja la hesabu za stoo: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mfano wao ulikuwa wa kiwanda cha viatu. Mimi kiwanda cha viatu sijawahi kukiona. Usiku ule nikafuta viatu, nikaweka korosho. Nikachukua daftari la mizani la msimu uliopita, nikajumlisha kilo zote tulizopokea kwa wakulima, pembeni nikaweka kilo zilizopokelewa ghala kuu. Zilipishana. Hilo halikunishtua, miaka yote tunasema ni unyaufu; korosho ikikaa inakauka, uzito unashuka, hata mtoto wa huku anajua. Ila kwa mara ya kwanza nikaupanga ule unyaufu kwa tarehe. Shehena zilizokaa kwetu siku 3 zilipungua kuliko zilizokaa siku 20.

Korosho gani hiyo inayokauka kwa haraka ikiwa safarini, halafu ikikaa ghalani inaacha?

Yaliyofuata kikaoni nayaacha kikaoni. Mizani ikabadilishwa, na mtu mmoja naye akabadilishwa. Mimi leo ni mhasibu wa chama.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Yale maarifa yalikuwamo kwenye kitini tangu siku ya kwanza, na yangelala humo. Yalinifaa siku nilipokuwa na daftari la kweli la kuyajaribia. Mwenzangu aliyeko bweni mjini angejibu zoezi la viatu, akapata 80, akaendelea na maisha yake. Kwa hiyo nasema elimu ya masafa inamfaa mwenye kazi mkononi kuliko mwenye muda mkononi. Anayepinga aje na hoja, matusi tuwaachie wenye nayo.

Ngariba wa Hoja

Nimekaa paleee na karanga zangu.

Mzee wa Usaili

Mtoa mada, hadithi tamu, lakini wewe ni mmoja. Mimi nakaa upande wa pili wa meza, kazi yangu utumishi. Nimeshafanya usaili mwingi wa nafasi za uhasibu. Anakuja mtu na digrii yake ya posta, GPA imenyooka, namwekea karatasi tatu za matumizi namwambia nipangie. Anatoa macho. Namuuliza, hii mlikuwa mnafanya vipi? Anajibu, tulikuwa tunasoma wenyewe.

Ujuzi unaambukizwa. Unakaa na mtu anayejua, unamwona anavyoshika kazi. Sasa wewe na kitini chako mtaambukizana nini?

Karani wa Mizani

Mzee wa Usaili, swali moja tu kwa heshima. Wale waliotoka bwenini, ukiwawekea zile karatasi tatu, wanazipanga?

Mzee wa Usaili

Hahaha. Nao wanatoa macho. Umenishika.

Ila kuna kitu kimoja nisikiache. Wa bwenini akikosea anajitetea. Amezoea kusimama mbele za wenzake, kubishana kwenye kikundi, kuulizwa swali la ghafla na mhadhiri mkali. Wa masafa hata akijua, anajua kimya kimya. Kazini anayejua kimya kimya anapitwa na anayeropoka. Sisemi ni haki.

Karani wa Mizani

Hilo nalikubali, halina ubishi. Mkutano mkuu wa kwanza kusoma taarifa ya fedha mbele ya wakulima nilitetemeka hadi karatasi ikawa inapiga kelele. Hakuna kitini kilichokuwa kimenifundisha kusimama.

Sakiti Breka

Nami niweke yangu. Mimi ni fundi umeme wa mtaani. Nilijifunza kwa kubeba ngazi ya fundi mwingine, darasani sijakaa. Miaka 9 natandaza waya kwenye nyumba za watu, taa zinawaka, wateja wanarudi. Tatizo ni kwamba nyumba ikitaka kuunganishwa umeme inahitaji mchoro wenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni, na leseni ya EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, huipewi kwa kusema "mimi mzoefu". Jasho langu, muhuri wa mwingine, na hela ya kutuliza roho inaenda kwa mwenye muhuri.

VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wakaja na VSOMO, ile programu ya simu waliyoanzisha na Airtel 2016. Nadharia unaisoma kwenye simu, unajibu maswali, ukifaulu unaitwa chuo cha VETA kwa vitendo. Nilicheka kwanza. Umeme kwenye simu? Nitapigwa shoti na skrini?

Lakini sikilizeni. Vitendo nilikuwa navyo. Kilichokuwa kinanikosa ni "kwa nini". Nilijua taa ni waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5 kwa sababu fundi wangu alisema hivyo. Kwa kuwa sijui sababu, mteja akilia bajeti nilikuwa navuta 1.5 nyumba nzima. Taa si zinawaka? Sasa nimekaa na somo la mkondo na unene wa waya, nikapiga hesabu mwenyewe kwenye boksi la sigara: pasi wati 2,000, jagi la umeme wati 2,000, soketi za njia moja. Gawanya kwa volti 230. Zaidi ya ampia 17. Kwenye waya wa 1.5 uliobanwa ndani ya bomba, ndani ya ukuta, hapo ndipo ukomo wake. Ongeza kitu kimoja tu mama mwenye nyumba akiwa na haraka ya asubuhi.

Usingizi ukakata. Kesho yake nikaanza kuorodhesha nyumba. Tatu nilizirudia kwa hela yangu, nikawaambia wenyewe ni "huduma baada ya kazi". Wakanisifu sana, mpaka nikaona aibu.

Baadaye nikaingia ule mpango wa VETA wa kurasimisha ujuzi: wanakupima unachokijua tayari, pengo lako wanaliziba, wanakupa cheti. Kwa hiyo mimi naunga mkono hoja ya mwenye mada, mkono na mguu.

Mtu wa Chumvini

Nami nawapa tahadhari, maana mnasifia mpaka mtu ataingia kichwa kichwa. 2021 nililipa ada kwa chuo cha mtandaoni nilichokiona kwenye tangazo, nembo nzuri, watu weupe wanacheka kwenye picha. Nikasoma miezi 8, nikapewa diploma yenye muhuri wa dhahabu. Napeleka kazini, naambiwa haitambuliki popote. Namba yao ya simu sasa inapokelewa na mama mmoja anauza dagaa.

Kabla ya kutoa hata mia, kama ni digrii uliza TCU, kama ni cheti au stashahada angalia orodha ya NACTVET. Dakika kumi tu. Mimi zile dakika kumi zimenigharimu mshahara wa miezi mitatu.

Mwalimu Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nawasoma nacheka, maana mnazungumza kama jambo hili limekuja na simu.

Mwaka 1976 nilikuwa na miaka 17 na cheti cha darasa la saba. Azimio la Musoma, Novemba 1974, lilikuwa limeagiza kila mtoto wa rika la shule awe darasani ifikapo 1977. Watoto walikuwepo, miti ya kujengea ilikuwepo, walimu hawakuwepo. Vyuo vya ualimu visingewatoa kwa muda ule hata vingefundisha usiku na mchana. Ndipo tukachukuliwa sisi, makumi ya maelfu nchi nzima, tukafundishwa ualimu hapo hapo shuleni. Asubuhi nafundisha darasa la kwanza. Alasiri nakaa na vitini na redio nasoma namna ya kufundisha nilichokwisha kukifundisha asubuhi. Mratibu wa elimu wa kata anakuja na baiskeli, anakaa nyuma ya darasa, haongei. Akimaliza ananiita chini ya mti. Maneno ya chini ya mti yalikuwa makali kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Mwishoni tukaitwa chuoni kwa wiki chache, tukatahiniwa, tukatoka walimu wa Daraja C.

Kabla yetu kulikuwa na mengine. Moshi, elimu ya ushirika ilikuwa inawafikia makarani wa vyama kwa njia ya posta tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo wewe Karani wa Mizani unapita njia ya babu zako hujui. Na 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Nilikuwa mtoto, baba yangu hajui kusoma. Wanakikundi wanakaa chini ya mwembe, redio katikati, kipindi kikiisha kiongozi anasoma kijitabu cha Elimu ya Watu Wazima, halafu linakuja swali ambalo sijalisahau: sasa sisi hapa tutafanya nini? Wanainuka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Watu kama milioni 2 walishiriki nchi nzima. Baba hakupata cheti. Choo kilikuwepo mpaka naoa.

Nisiwadanganye lakini. Si wote katika sisi tuliiva. Kuna waliotupwa shule za mbali, baiskeli ya mratibu haikufika, betri za redio zikiisha hakuna nyingine. Waliendelea kufundisha walivyofundishwa wao, kwa fimbo na kukariri, na hesabu za mafungu hawakuwa wanazijua. Watoto wa watu ndio waliolipa. Nimeona kwa macho yangu tofauti ya mwalimu aliyefikiwa na yule ambaye hakufikiwa, na wote wawili walisoma kitini kile kile.

Ngariba wa Hoja

Kumbe wale walimu wa Voda Fasta, wa mafunzo ya haraka haraka, wana babu yao!

Mwalimu Mstaafu

Kicheko chako nimekipokea, mjukuu wangu. Na hilo neno "kumbe" ulifundishwa kuliandika na nani?

Ngariba wa Hoja

Shikamoo mwalimu. Narudi kwenye karanga zangu.

Jirani wa Biafra

Mzee wa Usaili, hilo neno "digrii ya posta" ulilitupa kwa dharau, nalirudia kidogo. Huku Kinondoni tunapishana na wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria kila siku, wengi wana mvi. Nimemuona mtu kashuka bodaboda na sare ya ulinzi, anaingia mtihani.

Tukumbuke kilivyozaliwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nafasi za chuo kikuu nchini zilikuwa za kuhesabu. Ukiwa umeajiriwa, una familia, uko Sumbawanga, ndoto hiyo unaizika mwenyewe. Serikali ikaunda kamati chini ya Nicholas Kuhanga kuangalia kama chuo huria kinawezekana. Sheria ikapitishwa 1992, chuo kikazinduliwa rasmi tarehe 19 Januari 1994, makamu mkuu wa kwanza Profesa Geoffrey Mmari. Leo kina vituo mikoani kote, Unguja na Pemba pia. Waingereza nao walikuwa wameanzisha chao 1969 na wasomi wao wakakicheka vile vile.

Na kama posta ni aibu basi tumcheke na Mandela. Digrii ya kwanza aliipata 1943 kupitia Unisa, Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kwa masafa. Ya sheria, Unisa hiyo hiyo, aliimaliza 1989. Akiwa gerezani.

Mzee wa Usaili

Mandela angekuja kwenye usaili wangu ningempa kazi, jamani. Msinipeleke The Hague.

Binti wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Nimeingia kimya kimya lakini hii ya ujuzi imenivuta.

Mamangu ni muuguzi, Kwale. Zamani Kenya wauguzi wengi walikuwa wa ngazi ya cheti, na ikaamuliwa wapande hadi stashahada. Sasa utawatoa vipi wodini kwa maelfu? Ukiwarudisha chuoni wote, wagonjwa wabaki na nani? Mwaka 2005 shirika la afya la Amref pamoja na Baraza la Wauguzi na wenzao wakaanzisha masomo ya kompyuta. Mama alikuwa hajashika kipanya maishani. Wiki ya kwanza alikuwa anakiinua hewani anakielekeza kwa skrini kama rimoti ya tivi. Mimi ndiye niliyemfundisha, nilikuwa darasa la sita, na nilimringia vibaya.

Lakini alivyozoea! Anasoma kuhusu mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua, usiku yuko zamu ya wodi ya uzazi. Akirudi asubuhi hasemi "nimesoma", anasema "jana nilimwona". Na vitendo vilikuwa na msimamizi, mtu wa kutia sahihi kwamba kweli huyu nimemwona akifanya kwa mikono yake. Bila ile sahihi hupiti. Nadhani hapo ndipo mambo yote yalipo, kule kutiwa sahihi na mtu aliyekuona.

Sasa tuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilipewa hati Agosti 2023, makao yake Konza. Nawatakia heri, lakini mimi nitawauliza lile lile: nani atatia sahihi?

Karani wa Mizani

Dada wa Likoni, "jana nilimwona" nimeipenda mno.

Umenikumbusha kitu nilichokiruka mwanzoni, pengine kwa kiburi, maana nimesimulia kama mtu aliyesoma peke yake. Nilikuwa na mtu. Mwaka wa pili, kwenye mafunzo ya ana kwa ana mkoani, nilikaa jirani na dada mmoja wa Masasi, anasoma kozi tofauti kabisa, mambo ya ustawi wa jamii. Tukapeana namba. Kila Alhamisi saa mbili usiku ananipigia, neno lake la kwanza ni "umesoma?" Hana hata salamu. Siwezi kumdanganya kwa sababu linalofuata ni "nieleze". Basi namweleza uchakavu wa mali za kudumu, mtu asiyejua hata mizania ni nini, na pale anaposema "sijaelewa" mara nyingi ni pale pale ambapo mimi mwenyewe sijaelewa.

Watu wanalalamikia bando. Bando ni tatizo, mimi nilikuwa naamka saa tisa usiku kupakua masomo kwa kifurushi cha usiku, mke wangu akidhani nina mchepuko. Lakini walioanza na mimi wakaishia njiani, ninaowajua, hakuna aliyeshindwa na bando. Wameshindwa kwa sababu hakuna aliyejua kwamba wameacha. Chuoni ukipotea wiki mbili mwenzako wa chumba anauliza. Huku unaweza kuacha shule Jumanne, ukaendelea kuitwa mwanachuo mpaka Krismasi.

Vyeti Kumi na Nne

Nimewasoma wote. Naomba nami niseme, na msinicheke.

Nipo Mbagala, nina digrii ya biashara, ya kukaa darasani kabisa, 2022. Kazi sijapata. Nikaambiwa ongeza ujuzi, nikaingia mtandaoni. Nina vyeti 14. Jedwali za kompyuta, masoko ya mitandaoni, usimamizi wa miradi, uchambuzi wa takwimu ngazi ya kwanza na ya pili. Nimeviweka kwenye wasifu wangu vimejaza ukurasa mzima. Video nazitazama kwa kasi ya moja na nusu.

Mtoa mada, unasema inamfaa mwenye kazi mkononi kuliko mwenye muda mkononi. Mimi muda ninao mpaka unamwagika. Sasa kwa hoja yako sisi tufungashe?

Ngariba wa Hoja

Duh. Hapa karanga zimenikwama.

Karani wa Mizani

Mdogo wangu, umeniweka pabaya. Sikuandika kwa ajili ya kukuvunja moyo. Niache nifikiri.

Sakiti Breka

Kwenye hivyo 14, kipi umekifanyia kazi ya mtu? Hata ya bure. Hata ya jirani.

Vyeti Kumi na Nne

Hakuna.

Mama Kikoba

Mwanangu wa Mbagala, mimi nipo Temeke, si mbali na wewe. Nikuulize, mama yako yumo kwenye kikoba?

Vyeti Kumi na Nne

Yumo, mama. Wanawake 22, wanakutana Jumapili.

Mama Kikoba

Nani anaandika daftari?

Vyeti Kumi na Nne

Mweka hazina, mama mmoja hivi anauza vitumbua. Wanagombana kila mwezi.

Mama Kikoba

Basi kazi unayo, ila mshahara ndio huna. Jumapili mbebee mama pochi, nenda naye. Usiende na kompyuta, utawatisha watadhani umetumwa na benki. Nenda na daftari jipya na kalamu mbili. Mwambie mweka hazina, "shikamoo mama, naomba nikusaidie kujumlisha". Usimwambie una vyeti 14. Mimi ni mwenyekiti wa kikoba mwaka wa saba, nakwambia, akisikia neno uchambuzi atalificha daftari chini ya kitenge na hutaliona tena.

Mzee wa Usaili

Kijana, fanya hivyo. Na nakuambia kama mtu wa utumishi: ule ukurasa wa vyeti mimi huwa nauruka. Mtu akiniandikia mstari mmoja, "nilisimamia hesabu za kikundi cha watu 22 kwa miezi 6, tofauti iliyokuwepo niliitafuta hivi", huyo namwita. Nikimwita namwekea zile karatasi tatu.

Vyeti Kumi na Nne

Sawa. Sina cha kupoteza zaidi ya Jumapili.

Jirani wa Biafra

Utuletee mrejesho, usipotee kama wale wa "nitarudi".

Vyeti Kumi na Nne (wiki tatu baadaye)

Wakuu, nimerudi.

Jumapili ya kwanza sikugusa kitu, nilibeba viti. Ya pili mweka hazina alinipa daftari mwenyewe, alikuwa amechoka. Kuna hisa, kuna mfuko wa jamii, kuna mikopo na riba, vyote vimeandikwa ukurasa mmoja kwa kalamu za rangi tofauti, na kwa kweli mama ana mpangilio wake, nyekundu ni deni. Video zangu zote hazikuwahi kuniambia kuhusu mtu anayelipa nusu ya mkopo kwa vitumbua.

Nimerudia kuanzia Januari. Kwenye daftari inatakiwa kuwepo hela fulani, kwenye sanduku na kwenye simu ya kikundi ipo pungufu. Tofauti ni 38,500. Wanawake wameshaanza kutazamana. Mama yangu ananiangalia kama mimi ndiye nimeichukua. Nimekaa siku tatu sioni. Nisaidieni.

Karani wa Mizani

Usiulize huku, sisi daftari hatuna. Na usiseme neno "pungufu" mbele ya kikundi mpaka ujue, nakuomba sana, hilo nimejifunza kwa gharama. Kaa na mweka hazina peke yake. Chukua ile simu ya kikundi, muombe akufungulie meseji za miamala, moja moja. Upande mmoja andika alichoandika yeye kwenye daftari, upande mwingine andika ilichosema simu. Panga kwa tarehe. Usijumlishe kwanza, tazama tu wapi vinapishana.

Mama Kikoba

Na mpelekee sukari. Usiende mikono mitupu kwa mtu unayekwenda kumkagua.

Vyeti Kumi na Nne (siku mbili baadaye)

Nilikwenda na sukari kilo moja. Tumekaa mpaka saa nne usiku, yeye anasoma meseji kwa sauti, mimi naandika.

Ni makato ya kutolea. Kila wakitoa hela kwenye simu kumpa mkopo mwanachama, yeye anaandika alichotoa, makato haandiki, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kuwa nayo ni hela ya kikundi iliyotoka. Tangu Januari. Alipoona mwenyewe alinyamaza, kisha akaniuliza kama Jumapili nitasimama naye wakati anawaeleza. Nimesema ndiyo. Natetemeka kuanzia sasa, Karani wa Mizani alisema kweli.

Makato yamefika 35,000. Ile 3,500 iliyobaki bado naitafuta.